Sifa za Mfugaji Mwangalifu

Ni haki kumsifu mfugaji wa nyumbani anayefungua mashine ya kutotolea vifaranga kila saa ili kuyajulia hali mayai, kwani nyuzijoto 37.5 za Selsiasi haziwezi kuaminiwa kujisimamia zenyewe kwa siku 21. Unyevu, yaani mvuke unaozuia utando wa ndani ya yai kukauka na kumnasa kifaranga, nao huruhusiwa kutoka kupunga upepo, hasa baada ya siku ya 18, ambapo mfuniko hutakiwa kuachwa bila kufunguliwa. Kuku anayeatamia, asiye na kipimajoto wala tochi, hutotoa kwa kutulia tu, jambo linaloonyesha uhaba wa elimu. Mayai yakitoka viza, hulaumiwa, kwa uadilifu mkubwa, muuzaji, na ikibidi jogoo, ambaye hajawahi kuugusa mfuniko.