Kibaba Kwanza, Haba Baadaye: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii

KWA: Afisa Mkuu Mtendaji, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), Nairobi

MINT: PONGEZI KWA KUZIFUNZA FAMILIA HESABU MPYA

Kwa heshima na taadhima,

Barua hii inaletwa na wanaochanga, pamoja na wale wanaokusudia kuchanga mambo yakinyooka. Nia yake ni kuipongeza Mamlaka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya zamani ya hospitali, NHIF, ilipozikwa baada ya miaka 58 na SHA ikaketi kwenye kiti cha marehemu, hakuna mwalimu wa hesabu aliyewakalisha Wakenya wengi namna hiyo mezani usiku, kalamu mkononi, wakijumlisha na kutoa hadi taa ikazimwa.

Walioajiriwa ndio waliofuzu mapema. Enzi za NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 100,000 alikatwa 1,700, na mwenye 500,000 alikatwa 1,700 vilevile. Mamlaka imekiondoa kikomo hicho. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, hivyo wa kwanza anatoa 2,750 na wa pili 13,750. Hapo hakuna kejeli. Wenye vyeo walikuwa wamelala vizuri mno kwa muda mrefu mno. Hata mlinzi wa mshahara wa 20,000 amepumua, maana zamani alikatwa 750 na leo anakatwa 550. Nafuu hiyo inakwisha mshahara ukikaribia 33,000, na kuanzia hapo kwenda juu kila mtu anatoa zaidi ya alivyotoa zamani.

Katikati ndiko kwenye watu. Tuseme mume ni mwalimu wa 60,000 na mke ni muuguzi wa 45,000. NHIF iliwakata jumla ya 2,400 kwa mwezi. SHA inawakata karibu 2,890, wote wawili, ingawa watoto wanaolindwa ni wale wale na hawajaongezeka. Ushuru wa nyumba unaingia nyuma yake na kuchukua 1,575. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa Desemba 2024 makato hayo mawili huondolewa kabla ya kodi kupigiwa hesabu, na familia inashukuru kwa huruma hiyo, hata kama inahitaji mhasibu kuiona.

Ubunifu mkubwa zaidi umefanywa chini kabisa. Aliyekuwa akipata chini ya 6,000 kwa mwezi alichanga 150 katika NHIF. Sasa mchango wowote haushuki chini ya 300. Kwa kibarua wa 5,000, hiyo ni asilimia 6 ya kipato chake, zaidi ya mara mbili ya kiwango anachotozwa bosi wa nusu milioni. Sheria iliyotangazwa kuwa ya mshikamano imempa maskini heshima ya kushikamana kwa nguvu zaidi.

Lakini hayo yote ni ya wenye hati ya mshahara, na wengi nchini hawana. Wauza mboga, mafundi wa jua kali, wa bodaboda, wakulima wa robo ekari: kwa hawa Mamlaka ilikuja na zawadi. NHIF iliwatoza 500 kwa mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. SHA inaanzia 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Bei imeshuka kwa asilimia 40! Sharti ni moja tu dogo, kwamba 3,600 hizo zilipwe zote kwa mpigo, mwaka mzima mbele.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mamlaka imeupima utaratibu huo, ikauona unachelewesha mambo, na ikaamua kuanza na kibaba.

Hapa inafaa Mamlaka itembezwe kidogo sokoni, Kibuye kule Kisumu au Kongowea kule Mombasa, alfajiri, wakati bidhaa zinashushwa. Kwa mama mboga, shilingi 3,600 zilizokaa pamoja haziitwi akiba. Zinaitwa mtaji. Ni nyanya, sukuma na vitunguu vya kujaza meza. Akizitoa leo kulipia bima, kesho meza ina kitambaa tu. Shilingi 300 angezipata. Kuna siku ya soko, kuna zamu yake katika mzunguko wa chama, kuna mteja aliyekopa akakumbuka kulipa. Alizipata 500 enzi za NHIF kwa njia hizo hizo, na mwezi uliomshinda aliuruka, akapigwa faini, akanung'unika, akarudi. Fedha za nyumba hiyo huingia kwa siku na kutoka kwa siku: unga leo, mafuta ya taa leo, nauli ya mtoto kesho. Bajeti ya mwaka ni ya Hazina ya Taifa, ambayo nayo, kama Mamlaka inavyojua, huwa haitoshi.

Na mwezi wa kulipa? Wengi walioitikia wito wa kujisajili mwisho wa mwaka walijikuta wanadaiwa mwaka mzima katika Januari, mwezi ambao mtaani unaitwa Njaanuari, wakati karo, sare na vitabu vimejipanga foleni mlangoni.

Mamlaka haikosi suluhisho. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mtu hukopeshwa mchango wa mwaka kisha akaurudisha kidogo kidogo, kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Msomaji asome tena. Familia iliyokuwa tayari kulipa kidogo kidogo ilikatazwa kulipa kidogo kidogo, kisha ikapewa mkopo ili iweze kulipa kidogo kidogo. Ugonjwa wa Novemba sasa unaweza kudaiwa tangu Februari, kabla mgonjwa hajakohoa. Kaya ambayo tayari ina deni la Fuliza kwenye simu, deni la duka na deni la chama, imeongezewa moja la heshima.

Kiasi chenyewe hupatikana kwa dodoso. Mamlaka haiwezi kumwuliza fundi wa baiskeli hati ya mshahara, kwa hiyo inamwuliza nyumba: paa ni la nini, kuta ni za nini, sakafu je, choo kipo cha aina gani, moto wa kupikia ni kuni au gesi, kuna ng'ombe wangapi. Majibu huingia kwenye mtambo, nao mtambo hukisia kipato. Ni elimu ya hali ya juu, na inafanya kazi vizuri mahali ambapo nyumba na kipato huzeeka pamoja. Sasa ichukuliwe nyumba ya mawe iliyojengwa kwa fedha za binti aliyefanya kazi za ndani Saudia. Mkataba wa binti ulikwisha, akarudi, hana kazi. Fedha zilikauka, mawe yalibaki. Mtambo unayatazama mawe na kuona tajiri. Jirani mwenye nyumba ya udongo aliyevuna mahindi mazuri msimu huu anaonekana hohehahe. Somo kwa kaya yoyote yenye busara ni kwamba kubadilisha paa kabla ya kujaza dodoso ni ubadhirifu.

Pande zote zisemwe, maana Mamlaka ina watetezi na wana hoja. Mwenye figo zilizoshindwa husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na SHA hulipia kila awamu 10,650, zaidi ya 9,500 za NHIF. Familia hiyo hurudishiwa mchango wake wa mwaka mzima karibu mara tatu kabla ya saa sita mchana. Huwezi kuiambia kwamba mfumo ni kichekesho. Zahanati nayo, kwa aliyejisajili, ni bure hata kama hajachanga, ingawa 900 zinazotengewa kila mtu kwa mwaka ni 75 kwa mwezi, na mtu mwenye malaria hawezi kupona kwa bei ya pakiti ya maziwa.

Kwa wajawazito hesabu imegeuka kimyakimya. Chini ya Linda Mama, mpango wa zamani wa kujifungua bila malipo, mwanamke asiye na bima yoyote aliingia hospitali ya umma, akajifungua, akatoka bila kuulizwa michango. SHA imepandisha malipo kwa hospitali, 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, jambo zuri kwa hospitali. Ila kadi ya mama sharti iwe imelipiwa. Miezi tisa ambayo zamani nyumba iliitumia kununua beseni na nepi, sasa inatafuta 3,600 pia.

Na aliyelipa zote? Februari 2025, RUPHA, muungano wa hospitali binafsi za mijini na mashambani, ulitangaza kusimamisha huduma za SHA kwa wanachama wake kwa sababu ya madeni, yakiwemo yale yaliyoachwa na NHIF. Mgonjwa aliyefika na kadi iliyolipiwa alitakiwa kutoa taslimu. Nyumbani hilo huingia kwenye daftari kama gharama mbili za kitu kimoja, na ni kosa ambalo mhasibu wa kaya, ambaye kwa kawaida ni mama, halisahau.

Haishangazi kwamba waliojisajili wamepita milioni 20, na wanaochanga ni sehemu ndogo yao. Kujisajili ni kupiga *147# tu; kuchanga ni kutafuta kibaba.

Wachangiaji wangependa pia kuisaidia Mamlaka kwa dodoso la kwake, kwa moyo ule ule wa kisayansi. Swali la kwanza lingehusu mali. Mamlaka inamwuliza mkulima ng'ombe ni wa nani. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali. Kwa vigezo vya dodoso, kaya inayoishi kwa mtambo wa kukodi wa bei hiyo ingewekwa kundi gani? Swali la pili lingehusu madeni: je, hospitali nazo zinaweza kulipwa mwaka mzima mbele, kwa mpigo, kama mama mboga anavyotakiwa kufanya? Ikiwa Mamlaka haina fedha zote kwa sasa, kuna mpango mzuri wa mkopo unaoitwa Pole Pole.

Kama ombi la mwisho, kaya zinaomba ruhusa ya kulipa 300 kila mwezi moja kwa moja, bila mkopo, bila mkataba, kama ilivyokuwa kwa NHIF ambayo haikuwa malaika. Zipo tayari kuanza mwezi huu, mradi usiwe Januari.

Ni sisi wenu waaminifu,

Wachangiaji wa asilimia 2.75, pamoja na wale wa asilimia 6

Nakala: Hazina ya Taifa, kwa taarifa; mwenye duka la mtaani, kuhusu lile deni la unga.