Maombi ya Fedha za Kumliza Binti wa Kijijini

Kwa Waheshimiwa Majaji wa Matamasha ya Filamu ya Ulaya na Amerika,
Huko huko kwenye zulia jekundu.

YAH: MAOMBI YA FEDHA ZA KUMLIZA BINTI WA KIJIJINI

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mwandishi wa miswada ya filamu, mkazi wa Tanga, na sijapata tuzo hata ya kusingiziwa. Nimejichunguza nikaliona kosa langu: wanawake wa miswada yangu wanacheka mno. Mmoja anamdai shemeji yake pesa za vitunguu kurasa nne nzima, na anashinda. Mtaalamu niliyempelekea kazi hiyo alinirudishia na swali moja tu pembeni: mateso yako wapi? Niliona haya. Nimeandika upya.

Mswada mpya unaanza na vumbi. Jua linazama nyuma ya mbuyu. Binti wa miaka kumi na minne anachota maji. Jina lake hatulisikii mpaka dakika ya ishirini, maana jina lingewachosha watazamaji. Wazee wameketi kivulini, wote kwa pamoja wana kikohozi kimoja. Mama mtu hasemi. Kazi yake ni kuangalia mbali. Halafu unakuja wembe, au bakora, au bwana harusi mwenye mvi. Hapo nimeacha pengo, mlijaze wenyewe kulingana na mada ya mwaka. Dakika ya sitini inafika gari yenye nembo mlangoni, anashuka mtu kutoka mjini, binti anaokoka. Mnasimama mnapiga makofi dakika nane. Hizo dakika nane nimezitengea fungu kwenye bajeti.

Kabla hamjatia saini, nawaarifu kwamba wapo watu wanaotuharibia biashara.

Wa kwanza ni marehemu Ousmane Sembène wa Senegali. Mwaka 2004, mzee wa miaka themanini na ushei, alikuja Cannes na filamu yake Moolaadé, habari ya ukeketaji katika kijiji cha Burkina Faso. Wasichana sita wanawatoroka mangariba. Wawili wanajitosa kisimani. Wanne wanakimbilia kwa Collé, mke wa pili wa nyumba ile, mwanamke ambaye ukeketaji ulimfanya azike watoto na aliyekataa binti yake mwenyewe asiguswe. Mimi nilishasogeza kiti kuisubiri gari yenye nembo. Wapi! Mama yule anachukua kamba ya rangi, anaifunga mlangoni, anatamka kuwa watoto wako chini ya hifadhi. Basi. Hifadhi ile ni mila yenye umri wa kijiji chenyewe, na haiondolewi ila na aliyeiweka. Mangariba wamesimama nje na mavazi yao mekundu, wazee wanahemka, na hakuna anayethubutu kuvuka kamba ambayo mbuzi angeiruka. Wanaume wanaona shida imeingia kwa njia ya redio, wanazikusanya redio za wanawake zote na kuzichoma mbele ya msikiti. Mumewe anashinikizwa amchape hadharani mpaka atamke neno la kuifungua hifadhi. Anachapwa, halisemi. Mchuuzi aliyeudaka ule mjeledi, ambaye angalau tungemfanya mwokozi, naye anauawa.

Hii ni hujuma, waheshimiwa. Mila ilikuwa iwe mshitakiwa, Sembène akaiita mahakamani iwe shahidi wa upande wa mama. Amewaonyesha wanawake wakibishana na mila kwa mila, kama watu waliokuwa wanafikiri hata kabla kamera haijafika. Na ninyi mkampa tuzo ya Un Certain Regard! Nani alikuwa zamu siku hiyo?

Wa pili ni Rungano Nyoni, mzaliwa wa Zambia. Filamu yake ya 2017, I Am Not a Witch, inafunguka na basi la watalii. Wanakwenda kuwatazama wanawake waliotengwa kambini kwa tuhuma za uchawi, kila mmoja kafungwa utepe mweupe mgongoni asije akaruka angani. Watalii wanapiga picha. Mara ya kwanza niliwacheka. Nilipoirudia nikajikuta nami nimo ndani ya basi lile, kiti cha nyuma ya dereva, na ninyi mmekaa dirishani. Ukarimu gani huo wa kumwalika mtu sinema kisha kumpandisha basi bila kumwambia?

Msidhani nawasema ninyi tu. Huku kwetu tunajitegemea kabisa katika fani hii. Kuna bibi kizee wa filamu zetu, huyu wa kaniki na fimbo, anayecheka usiku makaburini. Macho yake ni mekundu. Kijana wa vipodozi amehangaika nayo asubuhi nzima. Kule Usukumani wapo vikongwe ambao hawakuhitaji vipodozi. Macho yao yaliiva kwa moshi wa kupikia kuni na samadi kavu miaka hamsini, na wengine wamekatwa mapanga kwa sababu macho hayo yalisemwa kuwa ya mchawi. Sisi filamu hizo tunaziweka sebuleni, watoto wanatazama. Tuzo hatudai.

Nirudi kwenu, maana lililonisukuma kuandika ni la tatu.

Mwaka 2014 mliipenda Difret ya Zeresenay Berhane Mehari. Watazamaji wa tamasha la Sundance waliipa tuzo yao, na wa Berlin vilevile. Ni kisa cha kweli cha Ethiopia: mwaka 1996 msichana wa miaka kumi na minne alitekwa alipokuwa akitoka shule, ili aolewe kwa nguvu, akampiga risasi mtekaji, na wakili Meaza Ashenafi akasimamia utetezi mpaka akaachiwa huru. Niseme kweli, filamu si mbaya. Wazee wake chini ya mti wanahojiana, hawakohoi tu. Lakini Septemba ya mwaka ule ule, Addis Ababa, wageni walipokuwa wameshakaa kwenye viti, ililetwa amri ya mahakama: onyesho lisimame. Aliyeshitaki hakuwa mzee wa mila. Alikuwa msichana yule yule, sasa mtu mzima, akisema kisa chake kimechukuliwa bila ridhaa yake. Baadaye walipatana na filamu ikaonyeshwa.

Jina lake magazeti yalilitangaza; mimi sitalirudia. Walipokuja watekaji hakuulizwa, na ilipokuja kamera, kwa madai yake, hakuulizwa tena. Tofauti ni kwamba safari ya pili watu walipiga makofi.

Nikaichukua bajeti yangu nikaipitia upya. Fungu la vumbi lipo. Fungu la machozi lipo, na la akiba ya machozi. Nauli ya mwongozaji kwenda kwenye zulia ipo. Nauli ya kumfuata mwenye kisa, kukaa naye jamvini, kumsomea mswada kwa lugha yake na kumwachia nafasi ya kusema hapana, haipo. Nikaitazama na fomu yenu, kurasa kumi na moja: mmeuliza urefu wa filamu, mmeuliza manukuu, mmeuliza haki za muziki. La ridhaa ya huyo mwenye kisa halina hata kisanduku.

Naomba mkiongeze. Kidogo tu, hata pale chini ya haki za muziki. Mpaka hapo nasitisha maombi yangu ya fedha na kurudi kwenye vitunguu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa vitunguu,
Tanga.

Nakala: Bibi zetu wa vijijini (kwa njia ya mdomo, kwa kuwa filamu zinazowahusu bado hazijawafikia).