Majina Kwenye Mlango wa Stoo

Kalamu ilikuwa yangu, hilo sikani. Ni ile nene nyeusi ninayoandikia mikebe ya viungo, iliki huku, bizari nzima kule, tangu siku bwanangu alipotia manjano kwenye chai akidhani ni tangawizi. Niliiacha mezani kando ya vitunguu nikainamia sufuria. Nilipogeuka, bavyaa alikuwa keshaandika BRADMAN kwenye mlango mweupe wa stoo ya jikoni, herufi kubwa kama za bango la duka.

Mlango wenyewe si wetu. Nyumba tumepanga, huku magharibi mwa Melbourne, na wakala wa mwenye nyumba huja na simu yake kupiga picha kila ufa. Lakini nilijiambia bavyaa ni mtu mzima, bila shaka ameangalia kalamu aliyoshika. (Bavyaa ni baba mkwe, kwa msomaji wa bara. Mkewe ni mavyaa.) Naye, kumbe, alijiambia kwamba mkwe wake ni mtu makini, hawezi kuacha kalamu isiyofutika mezani.

Ilikuwa tarehe 26 Desemba 2022. Siku hiyo ya pili ya Krismasi mji huu husimama. Mechi ya Testi ya kriketi huanza katika uwanja mkubwa wa MCG, mwaka huo Australia na Afrika Kusini, na ukoo mzima wa bwanangu hukaa mbele ya runinga kubishana juu ya kikosi bora cha Australia cha zama zote. Wamebishana tangu kabla sijaolewa. Kila mwaka mmoja hukana aliyoyasema mwaka uliopita, ndiyo maana ami yake bwanangu, mdogo wake bavyaa, alitaka safari hii mambo yaandikwe.

Mimi kazi yangu ilikuwa pilau. Miaka tisa katika mabishano hayo sikuwa nimetia neno zaidi ya "nani anataka kachumbari?"

Juu ya Bradman hakuna ubishi, kuna maombolezo tu. Bavyaa alizaliwa 1948, mwaka ule ule Don Bradman alipoingia uwanja wa Oval, London, kwa zamu yake ya mwisho ya kupiga. Alihitaji mikimbio minne tu wastani wake wa maisha ufike 100. Mwingereza Eric Hollies akamtoa kwa mpira wa pili, sifuri. Wastani ukabaki 99.94, na mpaka leo hakuna aliyecheza miaka ya kutosha akamkaribia. Shirika la utangazaji la taifa lina sanduku la posta 9994, watu wasisahau. Bavyaa huitaja mikimbio ile minne kama mtu anayedai shilingi nne kwa ndugu yake wa tumbo moja: si nyingi, lakini zinauma. Kisha husimulia jinsi Don, mtoto wa Bowral, alivyokuwa akipiga mpira wa gofu kwa kijiti cha wiketi ukutani chini ya tangi la maji, peke yake, saa kwa saa. Mwanangu wa miaka saba akauliza mbona yeye akipiga mpira ukutani anafokewa. Hakujibiwa.

Kutoka hapo majina yakaja kwa kasi. Ponting. Border. Greg Chappell, ingawa mavyaa alikumbusha kwamba ndiye aliyemwamuru mdogo wake Trevor, mwaka 1981, kuviringisha mpira wa mwisho ardhini kama tufe ili Mnyuzilandi asiweze kupiga sita. "Nisingemlea mtoto hivyo," alisema. Keith Miller, aliyerusha ndege za kivita kabla ya kurusha mipira. Gilchrist mlinda wiketi, aliyeficha mpira wa skwoshi ndani ya glavu kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2007 ili ashike gongo vizuri, akapiga 149. Lillee na McGrath walikaribia kuwagombanisha ndugu wawili. Ami yuko na Lillee kwa roho na damu. Bavyaa akamjibu kwamba Lillee alisimamisha mechi kule Perth mwaka 1979 kwa kung'ang'ania kupigia gongo la alumini, mpaka Waingereza wakalalamika kwamba linaharibu mpira. Hapo nilimwelewa vizuri sana. Nina masufuria ya alumini na nina mwana wa miaka saba. Sauti ile naijua.

Wifi yangu aliingia saa sita, akasoma mlango, akanyang'anya kalamu. "Hakuna mwanamke hata mmoja?" Hakungoja jibu. Akaandika BETTY WILSON juu ya kitasa, huku akieleza kwa sauti ya mwalimu, maana ni mwalimu: mwaka 1958, uwanja wa Junction Oval, St Kilda, humu humu Melbourne, Betty alipiga mia na kuchukua wiketi zaidi ya kumi katika Testi moja, na kabla yake hakuna mwanamume wala mwanamke aliyewahi kuyafanya yote mawili. Chini yake akaandika PERRY. Ami alipoguna, akamuuliza alikuwa wapi tarehe 8 Machi 2020, watu 86,174 walipojaza MCG kutazama fainali ya wanawake. Ami alikuwa kwake, analala.

Hali ya mchezo ndiyo iliyowaunganisha wazee. Siku nane nyuma, Testi ya Brisbane ilikwisha kwa siku mbili kwa sababu ya kiwanja chenye nyasi za kijani kama bustani, na bavyaa alikuwa amenunua njugu za siku tano. Kisha ziko mechi fupi za siku hizi: ova ishirini upande huu, ova ishirini upande ule, fataki, muziki, na vijana wanaokwenda India kulipwa kwa wiki chache pesa ambazo Bradman hakuziona maisha yake yote. Mimi mechi ya siku tano niliishangaa nilipofika: watu wanacheza kuanzia asubuhi, wanapumzika kula, wanapumzika kunywa chai, siku ya tano jioni wanapeana mikono hakuna aliyeshinda. Kisha nikakumbuka kwamba kwetu Mombasa jambo hilo lipo, tunaliita harusi.

Jina la Warne hakuna aliyeliandika mpaka alasiri. Alikuwa amefariki Machi ile, huko Thailand, miaka 52 tu, na hii ilikuwa siku ya kwanza ya mechi hii bila yeye. Bavyaa alikuja na kofia pana nyeupe kama aliyozoea kuvaa Warne, na watu uwanjani vilevile. Alikuwa mchezaji wa 350 kuichezea Australia Testi, kwa hiyo saa tatu na dakika hamsini, kwa hesabu yao, uwanja mzima ungesimama kumpigia makofi. Nilijaribu kumweleza mama yangu kwa simu kwa nini tunasubiri saa hiyo. Kwa Kiswahili ni saa kumi kasoro dakika kumi, na ile 350 inapotea yote. Mama akasema basi ni karibu na Alasiri, mwanangu, usichelewe.

Saa ilipofika, jikoni kwetu tulisimama pia, mimi na mwiko mkononi. Ami akachukua ndimu ya kachumbari akaigiza ile ya Juni 1993, Old Trafford, mpira wa kwanza wa Warne dhidi ya Waingereza kwenye ardhi yao: ulivyoyumba ukaenda nje ya miguu ya Mike Gatting, ukagusa chini, ukakata kona ukagonga kijiti cha upande wa pili. Ndimu haikukata kona. Iliingia chini ya friji, na nadhani ingali huko. Bavyaa akaandika WARNE polepole, na pembeni 708, idadi ya wiketi zake, na hakuna aliyesema kitu mpaka mavyaa alipopenga kamasi.

Sijui nini kilinipata. Labda ni ile hewa ya msiba, mtu huona anaruhusiwa kusema. Nikasema, "Hata sisi tunaye mmoja."

Wote wakanigeukia. Nikawauliza kama wanakumbuka tarehe 15 Machi 2003, Durban, Kombe la Dunia, Kenya na Australia. Bavyaa alikumbuka kwamba Brett Lee alichukua wiketi tatu mfululizo. Ndiyo, nikasema, halafu? Halafu akaingia Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, miaka 39, aliyekuwa amekwisha kustaafu akaitwa arudi. Akawarushia mabingwa wa dunia ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu. Ova sita hazikupata hata mmoja. Akamtoa Ponting. Akamtoa Lehmann. Akamtoa Hogg. Australia walishinda, sikatai, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim, na mtaani kwetu baba yangu aliwasimulia wauza kahawa mwezi mzima, akirusha kokwa za tende kwa mkono wa kushoto.

"Warne hakuwepo siku ile," bavyaa alisema, kama kujitetea.

Hakuwepo kwa sababu alifungiwa mwaka mmoja kwa kidonge cha kupunguza maji mwilini, ambacho yeye alisema alipewa na mama yake. "Na kweli alipewa," mavyaa akaingilia. "Mama akimpa mwanawe dawa, mwana anameza." Akamtazama bwanangu, ambaye alikuwa na mafua na hajameza kitu.

Ami akanikabidhi kalamu. Mchezaji wa akiba, alisema. Nafasi ilibaki chini kabisa, karibu na bawaba, nikapiga magoti nikaandika AASIF KARIM, na mbele yake takwimu kama zinavyoandikwa: 8.2–6–7–3. Kwa hiyo jina la mwisho mlangoni lina mwandiko wangu, na nilipoiangalia kalamu wakati wa kuifunga, nikaona maandishi madogo ubavuni. Nikaifunga. Nikapakua pilau.

Siku ya pili walirudi kwa viporo. Siku hiyo David Warner, katika Testi yake ya 100, alipiga mikimbio 200 juani mpaka misuli ikamkaza akashindwa kuendelea. Ami akataka afutwe mtu Warner aingie. Bavyaa akasema mtu wa msasa haingii kwenye mlango ule. Wasiofuata mambo haya: Machi 2018, Cape Town, kamera zilimnasa kijana Bancroft akisugua mpira kwa kipande cha msasa cha manjano, kisha akikisunda ndani ya suruali. Warner na nahodha Smith wakafungiwa mwaka mzima, Bancroft miezi tisa. Bavyaa aliomboleza kuliko alivyoomboleza ng'ombe wa baba yake.

Ami hakusikia. Alilowesha kitambaa akaanza kumfuta Ponting. Ponting hakutikisika.

Tukatia sabuni. Tukatia siki, dawa ya meno, kisha asetoni ya kucha ya wifi, ambayo iliondoa rangi ya mlango na kuacha NTING kwenye mbao tupu. Mavyaa alinitazama. Wote walinitazama. Nikasema kalamu ni yangu, mkono si wangu, na nikajua palepale kwamba ushahidi uko karibu na bawaba.

Bwanangu akatoroka kwenda gereji. Nilimwona anarudi kwa mlango wa nyuma ananyata, na mkononi, Mungu ni shahidi, ana kipande cha msasa. Alisugua B moja ya Bradman tukasikia slipa za bavyaa zinakuja. Mume wangu ana miaka 41 na stashahada mbili. Alisunda msasa ndani ya kaptula.

Bavyaa akasimama. Akamtazama mwanawe usoni, akashuka kiunoni.

"Una nini humo?"

"Utepe," akasema bwanangu.

Ndivyo alivyosema Bancroft naye mbele ya waandishi, kwamba ni utepe. Ami alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Bavyaa hakucheka. Alinyoosha mkono, akapewa msasa ukiwa na joto la mwenyewe, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. Kisha akaushika ule mlango kwa kiganja, akaona hali ilivyo, akautoa tena msasa. "Sugua," alisema. "Lakini mimi sipo, na huyu wa chini msimguse. Huyo si wetu kumfuta."

Bwanangu alisugua siku mbili. Tukapaka rangi nyeupe, ambayo haikuwa nyeupe ile. Wino ule hupenya rangi. Asubuhi ya tatu Bradman alikuwa ameanza kurudi, kijivu, kama mtu nyuma ya pazia. Koti la pili, akarudi. Ukaguzi ulipofika Januari nilitundika leso yangu ya harusini mlango mzima, kutoka juu hadi pale ilipoishia, shibiri moja juu ya bawaba.

Wakala alikuwa kijana mpole. Akapiga picha tanuri, akaandika lina mafuta. Akaisifu leso. Kisha akachutama kuangalia bawaba, akakaa pale kitambo.

"Huyu Karim ndiye fundi wenu?"

Nikasema ndiyo.

"Namba yake hii mbona fupi?"

"Ya Mombasa," nikamwambia.