Mheshimiwa Waziri, Naomba Tange Ibandikwe Ukutani

Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, unayesimamia Utumishi wa Umma na Utawala Bora,

Shikamoo.

Kwetu Usukumani binti akimwamkia mkubwa hupiga goti kwanza, ndipo afungue kinywa. Naomba uisome barua hii ukijua kwamba aliyeiandika ameanza kwa goti. Naomba radhi pia kwa kukuandikia hadharani, jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Nimepita milango ya chini yote kwa utaratibu, kwa barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa, na kila mlango nimejibiwa kwa upole kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nakala za barua hizo zimejaza bahasha moja ya kaki, na sasa nimeanza ya pili.

Mimi ni muuguzi. Naishi Kolandoto, jirani na hospitali ya Kanisa la AIC iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913, na hapo hapo Kolandoto ndipo nilipojifunza kazi hii. Ajira yangu ni ya Serikali, katika kituo cha afya cha halmashauri nisiyopenda kuitaja, kwa kuwa sikuja kumshitaki mtu. Tunapokea wakulima wa pamba na wachimbaji wadogo wa dhahabu wenye vifua vilivyokauka kwa vumbi la mawe. Tunapokea na wajawazito wanaoletwa na bodaboda.

Kwanza nishukuru, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hakioni. Tunakumbuka Juni 2016, Serikali iliposimamisha ajira mpya na upandishaji wa vyeo ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Tunakumbuka Aprili 2017, pale Dodoma, ilipokabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wenye vyeti halali hatukulalamika. Tuliona nyumba inafagiliwa, tukakaa pembeni vumbi lipungue. Kisha Mei Mosi ya 2021, katika uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, tulimsikia Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan akiahidi kupandisha madaraja makumi ya maelfu ya watumishi, na ahadi ikaanza kutimia. Baadaye ukaja mserereko, ili waliocheleweshwa wasogezwe hadi pale walipopaswa kuwa. Hayo yote tumeyaona, na tunashukuru kwa dhati.

Sasa naomba ruhusa niseme langu, Mheshimiwa.

Niliajiriwa Julai 2012, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II, ngazi ya TGHS B. Miaka mitatu ya kustahili kupanda daraja ilitimia 2015. Nikaambiwa jina limeingia kwenye bajeti ya mwaka unaofuata, nisubiri. Nikasubiri, na Juni 2016 ikanikuta nikisubiri. Mlango ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 2017, wenzangu walipata barua, mimi sikupata. Baada ya kuuliza sana niligundua kwamba jina langu la kati limeandikwa kwa herufi moja tofauti kwenye mfumo na kwenye cheti. Herufi moja, Mheshimiwa. Ilirekebishwa, lakini daraja la I nililipata 2021.

Katika hiyo miaka kuna dada aliyekuja kituoni kwetu kufanya mafunzo kwa vitendo. Mimi ndiye niliyemshika mkono akatafuta mshipa kwa mara ya kwanza. Aliajiriwa 2014, akapanda 2017, akapanda tena 2021. Leo ananizidi cheo, na kila nikipanda hatua moja namkuta kwenye ngazi ya juu yake. Ulipokuja mserereko, jina langu halikuwemo, kwa sababu mserereko ulifuata orodha, na orodha iliniweka mahali pasipo pangu.

Naomba nikusimulie usiku mmoja ili uone ninachosema. Saa nane usiku aliletwa mama aliyejifungulia njiani. Mtoto alikuwa analia vizuri, lakini damu ya mama ilikuwa haikati. Kiongozi wa zamu, kwa cheo, alikuwa yule dada. Alichoma sindano ya oksitosini, akanigeukia akasema, "Mama, inaendelea." Niliweka mkono tumboni nikausugua mfuko wa uzazi mpaka nikausikia umekaza chini ya kiganja, naye akatundika dripu. Damu ikakata. Alfajiri tulipokaa kuandika ripoti, alishika kalamu, akafika penye mstari wa jina la kiongozi wa zamu, akasita. Akanisogezea daftari. Nikalirudisha kwake. Cheo ni chake, ameandikiwa barua na hakumwibia mtu. Ila tangu siku hiyo hanitazami usoni tukigawana zamu, na mimi sijui nimwondolee vipi aibu ambayo si yake.

Hivi ndivyo ugomvi wa vyeo unavyoingia wodini, Mheshimiwa. Si kwa makelele. Mtu anaacha kumwelekeza mwenzake kwa kuwa "si yeye ndiye mkubwa?" Mwingine anaogopa kuuliza kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Na mgonjwa yuko katikati yao.

Dawa yake ipo, na ni ya siku nyingi: tange. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na tange, orodha ya watumishi kada kwa kada, ikionyesha nani aliajiriwa lini, alithibitishwa lini, alipanda lini kwa mara ya mwisho. Kwa miaka yote hii nimeiona mara moja tu, dakika chache, juu ya meza ya afisa, naye akaifunika kwa faili nilipoinamia kusoma. Simlaumu. Mafaili yake ni mengi, na kila anayeiona tange anarudi na dai. Lakini laiti ningeiona mwaka 2016, ile herufi moja ingerekebishwa kwa kalamu kabla haijanila miaka mitano.

Ombi langu kubwa ni hili, na naliomba kwa unyenyekevu wote: waagize waajiri waibandike tange kwenye ubao wa matangazo kila mwaka, kabla bajeti ya mishahara haijaandaliwa, na watumishi wapewe siku 14 za kusahihisha. Kituo cha afya kina ubao. Tunabandika ratiba ya chanjo na ratiba ya zamu, na hakuna aliyewahi kugombana kwa kusoma ratiba. Mishahara isiwemo, siri ya mtu ibaki siri yake. Tarehe tu.

La pili, kwa wale walioachwa na mserereko kwa makosa ya kumbukumbu, uangalie uwezekano wa kuwarudisha kwenye nafasi zao kwa tarehe walizostahili. Katika barua hii sidai malimbikizo. Najua Serikali ina mengi ya kulipa. Lakini nina miaka 53, Mheshimiwa, na pensheni yetu ya PSSSF hukokotolewa kwa wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hiyo miaka kumi kwangu imeshaanza kuhesabiwa. Daraja nililokosa kazini nitalikosa tena kila mwezi nikiwa nyumbani, hadi nife.

Kama nimevuka mipaka katika neno lolote, nisamehe kama mzazi anavyomsamehe mwanawe. Kesho nina zamu ya usiku na nitakwenda. Ubao wetu uko mkono wa kulia ukiingia mapokezi, na nafasi ya karatasi moja ipo.

Wako mtiifu,
Muuguzi,
Kolandoto, Shinyanga