Katika Kumsifu Dalali wa Nyumba

Wamesifiwa wafalme waliokwisha kusahauliwa, yamesifiwa majahazi yaliyokwisha kuzama, na malenga wa pwani hawakuona haya kuutungia mnazi beti kwa beti. Lakini dalali wa nyumba, ambaye katika Dar es Salaam nzima hapana asiyemjua wala aliyepata kumtafuta akamkosa, hajasifiwa na mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Upungufu huu naona ni dhuluma. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliopita mikononi mwake wakatoka salama, ingawa mifuko yangu ilitoka mitupu, nimeona ni faradhi juu yangu kuilipa ihsani yake kwa kalamu, maadamu kwa fedha nimekwisha kuilipa.

Nasaba yake ni njema. Jina lake limetoka katika Kiarabu, katika shina moja na neno dalili, na maana ya shina hilo ni kuonyesha au kuongoza njia. Basi dalali na dalili ni ndugu, walakini hawakujaliwa vipawa sawa: dalili huonyesha kilichopo tu, kama wingu lionyeshavyo mvua na moshi uonyeshavyo moto, ilhali dalali huonyesha hata kisichokuwapo, na akikionyesha mara mbili mtazamaji naye hukiona.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengi hulirudia neno hili kwa dharau, wasitafakari unyonge wa kile kibaya. Nyumba nzuri, iliyosimama penye lami, yenye hati safi na kivuli cha mwembe, ina haja gani ya mtetezi? Huuzwa baina ya ndugu na ndugu kabla matanga hayajaanuliwa. Lakini nyumba ya bondeni, yenye ufa uliotambaa kutoka msingi hadi linta, na choo kilichotazamana na jiko la jirani, nani ataihurumia? Dalali ndiye mlezi wa yatima huyo: huipaka chokaa, huivika sifa, huipiga picha kutoka pembeni hata sebule ionekane uwanja wa mpira, kisha huitembeza mjini mpaka ipate wa kuiposa.

Katika elimu ya balagha sijaona mfano wake. Mtaa usiofikiwa na daladala yeye husema "umetulia". Nyumba ambayo mwenyewe aliishiwa fedha kabla ya kupiga plasta "imebaki kumalizia kidogo tu". Umeme "upo", na ni kweli upo, nguzo tatu kutoka hapo, kwa jirani. Maji "yapo", na bomba nimeliona kwa macho yangu, nikalifungua, likanipulizia upepo mwanana. Bei nayo "inazungumzika", na hakika tuliizungumza siku nne, na mazungumzo yalipokwisha tuliikuta pale pale tulipoiacha, ila sisi tulikuwa tumezoeana. Msomaji aone ya kuwa katika maneno yote haya hamna uongo hata mmoja. Mwongo ana kazi rahisi, kwani husema lisilokuwapo. Dalali husema lililopo, akaliachia lenyewe lidanganye.

Masafa na wakati humtii kama watumwa. Nilipokwenda kuona nyumba upande wa Goba niliahidiwa dakika 5 kutoka barabara ya lami. Tulitembea dakika 35, tukishuka na kupanda, na kila nilipouliza tumebakiza kiasi gani nilijibiwa, "Hapo tu mbele, mzee wangu." Nilipoketi juu ya jiwe kutafuta pumzi ndipo nikafahamu kwamba dakika zile 5 zilikuwa za pikipiki, usiku wa manane, njia ikiwa kavu, na dereva akiwa hana mke wala watoto wa kumlilia. Aidha majira huyajua kama mabaharia wa kale waliosubiri kaskazi na kusi: nyumba za mabondeni huonyeshwa Januari na Februari, ardhi ikiwa imekauka mithili ya kaki, kamwe si Aprili masika yakikolea. Wakumbukao mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowatoa watu Jangwani na mabonde mengine hata Serikali ikawapa viwanja Mabwepande, watakiri kuwa kuitunza siri ya bonde kwa miezi yote ya kiangazi kwataka moyo wa amana.

Na moyo wa mwanadamu aujuaje! Ada ya kuonyeshwa nyumba hulipwa kabla mguu haujainuka, ili mnunuzi asivunjike moyo baadaye akataka kulipa kidogo. Kisha huanza kwa nyumba mbili mbovu zenye bei ya kutisha, hata ile ya tatu, ambayo siku nyingine usingeifungia mbuzi, ikakujia kama rehema. Ukisitasita, simu yake hulia. Hujitenga hatua chache, hunong'ona, hurudi na uso wa huzuni na kukuarifu ya kuwa yuko mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu. Mteja huyu sijapata kumtia machoni, lakini naamini ndiye tajiri mkubwa kuliko wote nchini, kwa maana katika nyumba saba nilizotembezwa hapana hata moja ambayo hakuwa akija kuinunua jioni ile ile. Kwa kumwogopa mtu huyo nilitoa arbuni ya nyumba ambayo sijaifungua hata dirisha.

Hata ujirani mwema hukaa kwake. Nyumba niliyoinunua ilikuwa na madalali watano: wa kwanza alimjua mwenye nyumba, wa pili alimjua wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa tano, ambaye alinijua mimi, na kila mmoja aliweka cha juu chake kwa adabu, bila kumsukuma mwenziwe. Tangu Azimio la Arusha la 1967 sijashuhudia watu wakigawana mali kwa udugu namna ile, watano katika sahani moja, na sahani ni yangu.

Mahasidi watasema kwamba wako walionunua kiwanja kimoja watu watatu, na wako waliouziwa nyumba ndani ya hifadhi ya barabara. Ni kweli. Nyumba zilizovunjwa mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, hazikusahauliwa na mtu. Na mimi mwenyewe nimeonyeshwa nyumba yenye alama nyekundu ya X ukutani, nikaambiwa hiyo ni bishara njema, kwani barabara ikipanuliwa thamani itapanda. Lakini nawauliza mahasidi: nani aliyetusomesha sheria kama si huyu? Kabla sijakutana naye sikujua ya kuwa, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, imewekwa dhamana mikononi mwa Rais, na mwenye hati hana ila haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Sikujua kuwa nyumba ya wanandoa haiuzwi pasipo ridhaa ya mwenzi, wala kuwa daftari la ardhi hupekuliwa kabla ya fedha kutoka. Yote hayo niliyasoma usiku, kwa taa, nikimwogopa yeye. Na hapana mwalimu mwenye fimbo aliyepata kunifundisha upesi hivyo.

Naye ndiye aliyeupa mji huu maandishi yake ya kweli. Pita mitaani utazame kuta: utaona kwa rangi nyeusi, herufi za kukaza mkono, "NYUMBA HII HAIUZWI". Wenye nyumba wameandika hivyo kwa hofu, wasije wakaamka wakaikuta imekwisha kuuzwa. Katika matangazo yote ya nyumba niliyoyasoma, hilo ndilo pekee lisilohitaji mfasiri, nalo lisingeandikwa kama yeye na jamaa zake wasingekuwapo.

Nimebakiza neno moja. Mwaka huu haja ilinibana, ikanipasa kuiuza nyumba ile, na nilipotafakari nimwite nani, nilijikuta nimekwisha kumpigia. Alikuja, akaizunguka kwa taadhima kana kwamba hajapata kuiona, akasimama nyuma, pale korongo linapokula ua kidogo kidogo kila masika, akatoa simu yake aandike tangazo. "Mzee wangu," akaniuliza kwa upole, "hapa tupaiteje?"

Sikufikiri hata kidogo. "Mandhari ya bonde," nikasema, "na upepo wa kutosha."

Alinitazama kitambo, kama mwalimu wa chuo amtazamavyo mwanafunzi aliyehitimu, kisha akaliandika lile neno lilivyo, bila kusahihisha hata herufi.