Sili Yumo, Mbuzi Hayumo

Tanzania tuna bima mbili za gari, ndogo na kubwa. Ndogo ni ya kumridhisha trafiki, kubwa ni ya kuiridhisha benki iliyokukopesha. Ukishakata unasahau mpaka mwaka uishe. Kwa elimu hiyo nilihamia Hamburg, nikanunua Opel kuukuu, nikaenda kwa wakala wa bima na barua ya kampuni yangu ya Dar es Salaam, yenye muhuri wa bluu, ikithibitisha kwamba sijawahi kudai hata senti.

Mzee yule aliisoma mpaka nukta ya mwisho, akaukagua muhuri, akanirudishia kwa adabu zote. Ujerumani kila mwaka unaopita bila kudai fidia unawekewa akiba, na akiba ikikua ada inashuka. Akiba yangu ilikuwa sifuri. Mtu niliyepita Kariakoo saa kumi na moja jioni, kati ya mikokoteni, bajaji na machinga, nisimguse mtu, nikapangwa daraja moja na kijana aliyepata leseni jana.

"Una ndugu hapa Ujerumani?" akaniuliza. Nikadhani ananionea huruma. Kumbe huko babu akichoka kuendesha anaweza kumwachia mjukuu miaka yake ya usalama barabarani. Babu yangu mimi aliacha baiskeli ya Phoenix, na hiyo nayo aliwahi kuivaanisha na mwembe.

Tukaingia kwenye bima zenyewe. Ya lazima inamlipa uliyemgonga, basi. Kwa watu walioumia sheria inataka ifike angalau euro milioni 7.5, na mjomba wangu wa Tanga aliposikia hesabu hiyo aliuliza kama wanahitaji mtu wa kugongwa. Ya juu kabisa inalipa hata ukiuparamia ukuta wako mwenyewe. Mimi nilichukua ya katikati, waiitayo Teilkasko: wizi, moto, mvua ya mawe, kioo kupasuka, na kugonga mnyama wa porini.

"Nguruwe pori?"

"Yumo."

"Sungura?"

"Sungura wa porini yumo."

"Mbuzi?"

Akavua miwani. Mbuzi ni wa kufugwa, hayumo. Bima za bei mbaya huongeza wanyama wote, lakini yangu ilifuata orodha ya sheria ya uwindaji. Niliitafuta orodha hiyo usiku. Sili yumo. Yule wa baharini, mwenye mapezi. Nikimkuta sili kwenye barabara kuu nikamgonga, nalipwa. Mbuzi, kila mtu na lake. Hata hivyo nafuu huko, maana kwetu ukigonga mbuzi njia ya Chalinze, mwenyewe anachomoza kichakani kabla hujazima injini, na mbuzi aliyekuwa beberu dakika moja iliyopita sasa ana mimba ya pacha.

Lakini si sili wala mbuzi aliyenipata. Asubuhi moja ya Aprili gari liligoma kuwaka. Fundi alifungua boneti, akainamisha taa, akacheka. Waya za plagi zilikuwa na matundu madogo ya meno, safi kama ya sindano, na juu ya kifuniko cha injini kulikuwa na alama za vidole vitano vitano vya matope. "Marder," akasema. Ni kinyama chembamba chenye umbo la nguchiro, hupenda kulala chini ya boneti penye joto. Kulala si tatizo. Tatizo ni wivu. Ukilaza gari mtaa mwingine, dume wa huko anaacha harufu yake. Ukirudi nyumbani, dume wa kwako anainusa na kumaliza hasira kwenye mpira wa waya. Mimi nilikuwa nimetoka Bremen kumtembelea rafiki. Gari langu limeadhibiwa kwa uzinzi ambao halikuufanya.

Na bima ikalipa! Ilikata euro 150 za kwangu, ikalipa zilizobaki, na akiba yangu ya miaka haikuguswa. Ila injini ikiungua baadaye kwa sababu ya waya zile, hicho ni kifungu kingine, na kifungu kile mzee alikisoma kwa sauti ya chini.

Nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba. Mnyama ametafuna waya za gari, na bima imelipa."

"Marahaba. Na ukimgonga huyo mnyama barabarani?"

"Naye yumo kwenye orodha."

Akanyamaza kidogo. Panya wamemaliza waya za Noah yake mara mbili mwaka huu. Akaniomba nimuulize yule mzee kama panya wa Tanga wanaweza kuandikishwa Hamburg.