Ufunguo wa Kabati la Vyombo

Shemeji aliporudi kutoka masomoni Japani alimletea mama yake kisanduku cha mbao cha Hakone, kisicho na tundu la ufunguo wala bawaba. Kukifungua unasogeza ubavu mmoja milimita chache, unatelezesha wa pili, unarudi kwa wa kwanza, hivyo hivyo kwa mpangilio hadi hatua ya 10, ndipo kifuniko kinakubali. Vipo vya hatua 4, vipo hata vya 72. Afadhali shemeji hakuwa na pesa.

Bibi alizishika hatua zote na hakumfundisha mtu. Ramadhani ikielekea ukingoni akafungia humo ufunguo wa kabati la vyombo, maana sahani zake za Idi hamwamini nazo yeyote, hasa mimi mkaza mwana.

Mkesha wa Idi, masika imechachamaa, kisanduku kikagoma hatua ya tatu. Mume wangu akaja na bisibisi, akanyang'anywa. Mjukuu akapendekeza nyundo. Mimi nikasema basi tuvunje kabati; jicho nililotupiwa, nyamaza tu.

Akaitwa fundi seremala wa mtaani. Akakigeuza-geuza kwenye taa, akidhani zile nakshi za pembetatu ni rangi. Shemeji akamweleza kwa simu: mafundi wa Hakone hugundisha vijiti vya miti yenye rangi tofauti za asili, wakapata bonge ambalo nakshi imepenya hadi ndani, kisha hulipiga randa. Kila utepe mwembamba unaotoka huwa na nakshi nzima, nao ndio hubandikwa juu ya kisanduku.

"Kumbe wenzetu wanauza maranda!" fundi akapiga paja. "Mimi yangu nawapa wafuga kuku bure."

Ugonjwa aliutambua mara moja. Mbao imekunywa unyevu, imevimba, na nafasi ya kuteleza ni finyu mno. Juani kisipelekwe, kitapasuka. Kikalazwa ofisini kwa jirani penye kiyoyozi, na Idi tukala pilau kwenye sahani za plastiki, Bibi akiwahakikishia wageni kwamba huo ndio mtindo wa kisasa.

Kiliporudi kikavu, tuliamriwa sote tutazame ukutani. Mbao zikateleza moja moja. Mume wangu anaapa alisikia pia mchakacho wa noti. Tulipogeuka, ufunguo uko kiganjani, kisanduku kimeshafungwa, na Bibi anauliza nani ameziacha sahani za plastiki bila kuoshwa.